Siku Nilipomwambia Bibi Yako Aonje Kwanza

Mwanangu Desideri,

Sina haja ya kukuuliza kama hujambo, maana nakusikia ukikoroma hapo chumba cha pili, na ukuta wetu huu hauna siri. Mambo ya blanketi, ya vidonge vya malaria na ya kutofungua dirisha la basi baridi ya Laela ikikupiga, nimekwisha kukuambia mpaka ukaanza kunijibu kwa macho. Sitayarudia. Hata wasichana wa Tunduma sitawagusa. Umekua, na Padre amekusemesha vya kutosha. Barua hii ni ya jambo jingine, ambalo leo jioni nilishindwa kukuambia usoni.

Uliona lile furushi la kitambaa cheupe alilolileta kondakta wa basi la Namanyere. Shangazi yako Gaudensia amechinja kuku wake mwenyewe, amembanika, akaongeza na karanga za kukaanga, vyote kwa ajili ya safari yako. Nilikufungulia kwa furaha. Wewe ukalisukuma furushi kwa kidole.

"Mama, hicho kiache. Siku hizi watu siyo poa. Mtu akisikia unakwenda Tunduma kutafuta maisha, anaweza kukufanyia kitu."

"Desi, huyu ni shangazi yako."

"Si ndiyo hao hao ndugu, mama? Kama vipi, wewe onja kwanza."

Ukacheka, ukatoka kwenda kuwaaga washikaji zako. Mimi nikaenda jikoni nikajifanya nachochea moto, nikalia mpaka kanga ikalowa. Hukulijua kosa lako, na kwa kweli si lako. Maneno yale uliyatoa kwangu. Ulipoyasikia mara ya kwanza ulikuwa umevaa shati jeupe na kaptula mpya, siku ya Komunyo yako ya Kwanza, na aliyeambiwa aonje alikuwa Bibi.

Utakumbuka togwa ilimwagwa siku ile. Uliniuliza kwa nini, nikakujibu imechacha. Haikuwa imechacha, mwanangu. Ilikuwa togwa nzuri ya ulezi, na bibi yako alikuwa ameihangaikia wiki nzima.

Nianze nyuma kidogo, ili uelewe tulifikaje pale.

Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa hujaanza shule na mdogo wako Anna alikuwa bado ananyonya. Watu walidhani mama yake, huyo bibi yako Yustina, angekuja kudai vitu vya mwanawe kama wengine wanavyofanya. Alikuja kweli, na jembe lake na mkeka. Akaniambia, "Leokadia, wewe toka ukatafute. Mimi nitakaa na hawa." Basi. Hakusema zaidi. Akalala chumba kimoja na nyinyi, akakulisheni, akakuogesheni, na kila jioni akakupigisheni magoti kwa Rozari hata mkisinzia. Mimi nilikuwa namwita mama, na hakuna siku niliyojilazimisha kumwita hivyo.

Ndiyo ikawa miaka ile ya ruksa. Wewe umekuta maduka yamejaa, huwezi kujua. Sisi tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na ghafla kila mtu anaruhusiwa kuuza chochote. Mtaa wetu wote huu wa Majengo, hapa Sumbawanga, ukageuka vibanda. Nikaanza kwenda Wampembe, ziwani, kuchukua dagaa, na kule nikapeleka chumvi, sabuni na mitumba. Biashara ikanikubali. Nikapata kibanda, kisha chumba cha duka, kisha nikaezeka bati hapa unapolala.

Nikwambie na hili, hata kama utaona haya. Kule ziwani kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuwa na mitumbwi, mtu mwenye maneno matamu na saa ya dhahabu ya uongo. Akaniambia nikilala kwake, dagaa nitapewa kwa bei ya bure. Nilikuwa mjane, kijana bado, na usiku wa ziwani una upweke wake. Nilimwambia abaki na dagaa zake, na yeye ananuka kuliko wao. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini. Nilirudi juu huku Ufipa nimevimba kichwa. Nikajiona nimemshinda Shetani, tena kwa mabao mengi. Usiku wa Pasaka Padre alipotuuliza kama tunamkataa, mimi nilijibu kwa sauti hadi aliyekuwa mbele yangu akageuka.

Sikujua kwamba vishawishi haviji kwa mlango mmoja. Nilikuwa nimelinda mlango wa mwili na mlango wa fedha. Mlango wa hofu niliuacha wazi kabisa, kwa sababu sikuwahi kusikia mtu akiungama kwamba aliogopa.

Anna alikufa nikiwa Wampembe. Hilo unalijua. Usilolijua ni namna lilivyonikuta. Lori lilikuwa limeharibika, nikachelewa, na nilipofika stendi jirani akanipokea kikapu bila kunisalimia, nikajua. Homa ilimshika mtoto usiku, akapata degedege. Bibi alimfunga mgongoni akamkimbiza hospitali kwa miguu, mvua ikinyesha, na wewe ukimfuata nyuma na kandili. Mtoto alifia mgongoni mwake. Bibi alipita geti la hospitali akiwa bado anamwimbia.

Nilikuwa na kitu ndani yangu kilichoniambia: ungekuwepo, asingekufa. Ulikuwa unatafuta mali. Kitu hicho sikuweza kukaa nacho. Ningekuwa na akili ningemlilia Mungu, hata ningemtukana, Yeye angevumilia. Badala yake nilitafuta mtu wa kumtwika.

Biashara nayo ikaanza kuyumba mwezi huo huo. Dagaa wakaoza, mteja mkubwa akahama. Mwenzangu mmoja wa pale sokoni, mwimbaji wa kwaya kama mimi, akaninong'oneza, "Mama Desi, hivi vitu vyote kwa mpigo? Hapo kuna mkono wa mtu. Usilale." Nikamwambia mimi ni Mkristo. Akaniambia, "Na mimi pia. Kwani kujikinga ni dhambi?"

Ona neno lilivyo zuri. Kujikinga. Hakuniambia nikamdhuru mtu, hakuniambia nimwache Yesu. Kama angeniambia hivyo ningemfukuza. Aliniambia nilinde kilichobaki, yaani wewe. Nikaenda kwa mganga, Desideri. Nilikwenda kwa ajili yako, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba niliifanya dhambi hiyo kwa upendo, au kwa kitu nilichokiita upendo.

Yule mganga hakuwa wa kutisha. Mtu msafi, ana redio, nyumba imepakwa chokaa. Nilitegemea anipe jina. Hakunipa. Alisema tu, "Mnakula naye chungu kimoja." Nikauliza, "Ni mwanamke?" Akasema, "Wewe unamjua." Akanitazama kwa upole kabisa. Ni mimi niliyesema, "Mama mkwe?" Akainamisha kichwa polepole kama mtu anayesikitika. Alinipa kiti kitupu, nami nikamkalisha bibi yako. Nimelifikiria hilo miaka yote. Hata yule mganga hakumtaja. Mimi ndiye niliyemtaja.

Tangu hapo nilianza kumwona kwa jicho jingine. Akiamka usiku kwenda chooni, nahesabu amekwenda kuwanga. Akinyamaza, ana jambo. Akicheka, ananicheka. Akikuita umkune mgongo, nakutuma dukani. Na yeye, masikini, akadhani nina majonzi ya Anna, akazidi kunihudumia. Kila alivyozidi kuwa mwema ndivyo nilivyozidi kumwogopa. Hofu ikishaingia, mwanangu, wema wenyewe unageuka kuwa ushahidi.

Ikafika Komunyo yako. Asubuhi tulikuwa kanisani. Nilikuona ukitembea kwenda mbele, mikono umeifumbata kifuani, masikio yamesimama kwa kunyolewa. Nikapiga magoti baada yako nikapokea na mimi, kutoka mkono wa Padre ambaye ni binadamu tu, tena sikujua hata alikotoka. Sikumwogopa. Nilifumba macho nikala.

Mchana jumuiya yote ikajaa hapa sebuleni. Bibi akatoka na kibuyu chake cha togwa, amevaa kitenge kile cha njano. Akamimina kwenye kikombe cha bati, akakupelekea wewe kwanza, kwa kuwa ni siku yako. Akasema, "Mjukuu wangu leo amekula na Bwana. Sasa anywe na bibi yake."

Na mimi nikasema, mbele ya wote, "Onja kwanza, mama."

Wewe hukuelewa, ulikuwa mdogo. Watu wazima wote walielewa. Huku kwetu mwenye nyumba humwonjea mgeni, ndiyo heshima, ili mgeni anywe kwa amani. Lakini hiyo ni kwa mgeni. Watu wa chungu kimoja hawaonjeani. Kumwambia mtu wa nyumbani mwako aonje kwanza ni kumwita mchawi bila kulitamka neno. Mwenyekiti wa jumuiya akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Bibi alinitazama. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Akainua kikombe akanywa, akafuta mdomo, akakupa tena. Nami nikakunyang'anya nikaenda kukimwaga uani. Yaani hata alipoonja sikuridhika. Nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna kitu ambacho angeweza kufanya kikanitosha.

Kesho yake alikunja mkeka wake akaenda Namanyere kwa Gaudensia. Alisema haja yake ni kumsaidia binti yake kupalilia. Wewe ulimlilia, nikakununulia mpira.

Huo ndio mwanzo wa kujifunza kwako, Desi. Hukufundishwa na mganga wala na washikaji wa mtaani. Ulifundishwa na mama yako aliyekuwa ametoka kupokea Ekaristi.

Neno likatembea, kama linavyotembea huku. Lilifika Namanyere kabla ya mahindi kukauka. Watoto wakawa wanakimbia akipita. Mtu akifiwa, watu wanatazama nyumba ya Gaudensia. Hakuna aliyemgusa, nashukuru Mungu kwa hilo, maana wengine tunajua wanavyoishia. Lakini hakualikwa tena kwenye kazi ya kulima pamoja, na mwanamke wa Kifipa asiyealikwa shambani ni kama amekwisha kuzikwa.

Mimi niliungama. Ilinichukua muda, lakini niliungama, na ile dawa ya kujikinga aliyonipa yule mganga nikaitupa motoni. Padre mzee, yule aliyekuwa akitembea na fimbo, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Mungu amekusamehe, mama. Sasa nenda ukaseme kwake." Nikasema ndiyo, Padre. Na sikwenda.

Lori letu lilikuwa linapitia Namanyere kushusha chumvi sokoni kabla ya kuteremka ziwani. Kila safari nilikuwa najiambia leo nashuka. Nikifika, nahesabu magunia ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa, mpaka dereva apige honi. Nilikuwa nasali vizuri sana miaka ile, mwanangu. Nilikuwa mweka hazina wa kina mama, nimeshika mfungo wote wa Kwaresima. Nilifanya kila jambo jema isipokuwa lile moja nililotumwa.

Kuna safari moja nilishuka. Nilimkuta amekaa kivulini nyuma ya nyumba anapepeta maharage, amekonda. Akasimama upesi kunipokea. "Karibu, mwanangu. Umepata shida ya njia?" Hata shikamoo haikunitoka sawasawa. Akaingia ndani akaleta maji ya kunywa. Na kabla hajanikabidhi, akanywa yeye kwanza, funda moja, bila kuambiwa. Wakaja watoto wa Gaudensia wanaomba maji nao. Akafanya hivyo hivyo kwa kila mmoja, anakunywa, anampa. Wale watoto hawakushangaa. Mdogo alikuwa anasubiri zamu yake huku anacheka. Walidhani ndivyo bibi wote wanavyowapa wajukuu maji.

Nilikunywa. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima, nimeipanga tangu Sumbawanga, na ikapotea yote. Honi ikalia sokoni. Nikasema, "Nitarudi, mama, tuongee vizuri." Akasema, "Rudi, mwanangu. Nipo." Akanisindikiza mpaka njiani akakuulizia wewe, kama unaendelea kutumikia misa.

Sikurudi mpaka tulipokwenda kumzika. Ulikuwa kidato cha pili, unakumbuka. Ulishangaa kwa nini mama yako alisimama nyuma kabisa kama mpita njia. Shangazi yako alinifuata kule nyuma akanishika mkono akaniweka na familia. Anajua yote yule. Hajawahi kuniuliza. Kila mara unapokuwa na jambo, mtihani, ugonjwa, safari, anakuletea kitu. Na leo umekisukuma kwa kidole.

Sikuandikii kukugombeza. Nakuandikia kwa sababu umefeli mtihani na juzi uliniuliza, "Mama, unadhani kuna mtu?" Nilikujibu ovyo ovyo, nikabadili maneno. Jibu lenyewe ni hili: hakuna mtu, Desi. Hukusoma vya kutosha na hesabu zilikuwa ngumu. Anna alikufa kwa malaria na mvua na umbali. Baba yako alikufa kwa mapafu. Inauma hivyo hivyo, tena inauma zaidi, kwa kuwa hakuna wa kumchukia. Kukaa na maumivu ambayo hayana mwenyewe, bila kumtafutia, mimi naona huo ndio msalaba niliopewa nikaukataa. Sijui wengine wanapewa upi.

Huko Tunduma utakutana na mengi. Pombe utaiona kwa macho, na wanawake, na pesa za mpakani. Siyo kwamba hayana hatari, lakini hayo utayatambua yakija. Ogopa zaidi siku atakapokuja mtu mwema, mtu wa kanisani pengine, akakuhurumia na kukuambia ujikinge. Siku hiyo hutajiona unamkana Mungu. Utajiona una busara. Ndivyo nilivyojiona mimi, na kikombe nimekishika mkononi.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili ndilo gumu.

Kesho basi lako likishaondoka, sitarudi dukani. Nitavuka upande wa pili wa stendi nipande la Namanyere, nimwambie Gaudensia kwa mdomo wangu kile anachokijua. Na Jumapili nitasimama mbele ya jumuiya, mbele ya wale wale waliokuwa sebuleni ambao bado wako hai, nimtaje mama kwa jina, Yustina, na niseme hakuwa mchawi, nilimzushia mimi. Najua Majengo yetu. Kuna watakaonicheka, na kuna watakaosema sasa mchawi nimekuwa mimi.

Tangu nianze kuandika kuna sauti inayonibembeleza. Inasema mwanamke mwenyewe amekwisha kufa, mtoto anasafiri, kwa nini umjaze huzuni, kwa nini ujiaibishe uzeeni. Inasema kwa upole sana. Naijua sauti hiyo sasa, na bado inanivuta. Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kusubiri nirudi. Ukishaisoma barua hii utakuwa unajua, na siku nitakapotaka kukaa kimya kutakuwa na mtu mmoja duniani anayejua kwamba nimekaa kimya.

Kwa hiyo naiweka ndani ya begi lako sasa hivi, kabla sijabadili nia. Ukitaka kuwa na hasira nami, kuwa nayo. Usinifiche. Nichukie hata mwaka mzima ukiweza, ila misa usiiache kwa sababu yangu. Bibi yako alikufa akikuulizia kama bado unatumikia, na mimi sikumpelekea jibu.

Mama yako,
Leokadia